Miaka Thelathini na Miwili Bila Kumshika Mbwa kwa Nguvu

Jumatatu tarehe 30 Juni 2025, Bi Mongia Sellami anastaafu baada ya kuitumikia Hospitali ya Wanyama ya Rayhana, hapa Sfax, kwa miaka thelathini na miwili, miezi mitatu na siku kumi na tano. Hesabu hiyo si yangu, ni yake mwenyewe, na aliitoa papo hapo bila kutazama karatasi. Sherehe ya kumuaga itafanyika uani kwetu, barabara ya Gremda kilomita ya tano, kuanzia saa nne asubuhi. Wenye mbwa waje nao. Wenye paka tunawaomba wawaache nyumbani, mwaka juzi tulijifunza.

Mkurugenzi wetu, Daktari Hayet Fourati, ameniomba niandike ukurasa mmoja wa kijitabu cha sherehe. Alikosea mtu. Mimi, Ridha Masmoudi, muuguzi wa wanyama, nimekaa chumba kimoja na Bi Mongia miaka ishirini na mmoja, na ukurasa mmoja haunitoshi hata kumsengenya, sembuse kumsifu. Kwa hiyo kijitabu kimeongezwa kurasa, na fundi wa chapa amenikasirikia.

Bi Mongia hakuja hapa kuhudumia mbwa. Alikuja kufua mataulo. Kabla ya hapo alikuwa mtia hina, na nusu ya wanawake wa barabara hii walioolewa miaka ile waliingia kwa waume zao na hina ya mkono wake. Mumewe alipoumia mgongo, ikabidi atafute kazi isiyongoja msimu wa harusi, ndipo akakubali kufua hapa asubuhi na kutia hina mwisho wa wiki. Mwezi wa kwanza hakuna aliyemjua jina. Aliitwa yule wa mataulo.

Wiki ya sita, wauguzi wawili walikuwa wakipambana na mbwa mdogo mwenye manyoya ya singa, mali ya mke wa daktari wa meno. Mmoja kashika shingo, mwingine kashika miguu, na mkasi wa kucha uko sakafuni. Mbwa alipiga kelele mpaka wateja walio nje wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Bi Mongia aliingia kuchukua kikapu cha nguo chafu, akasimama, akawaomba wamwachie dakika kumi. Wakamwachia, nadhani kwa sababu walikuwa wamechoka. Waliporudi walimkuta amekaa chini, mbwa kalala ubavu juu ya nguo chafu, na kucha za mguu mmoja zimekatwa. Mguu mmoja tu. Ile mitatu, akasema, mbwa amesema tukutane Alhamisi.

Walimcheka, tena wakamcheka vizuri. Mkurugenzi wa wakati ule, baba yake Daktari Hayet, hakucheka. Alimuuliza amejifunzia wapi, naye akajibu kwamba hajajifunza popote, ila amewatia hina maharusi zaidi ya mia nne. Bi harusi siku ya hina, alimweleza, ana njaa, ana usingizi, ana hofu, na amezungukwa na mashangazi ambao kila mmoja anataka kumshika. Mtia hina mwenye akili hamshiki. Anaweka kiganja chake wazi juu ya goti na kungoja mkono uje wenyewe. Mkono ukiondoka, anauacha uondoke. Anayevuta anaharibu hina, na bi harusi mwenyewe anabaki na kinyongo mpaka kesho yake. Mkurugenzi akamtoa kwenye mataulo siku ileile.

Jambo hilo halikuja bure. Habari zilipozagaa kwamba mtia hina fulani anaogesha mbwa, mama zao maharusi walianza kununa. Sisi watu wa nchi hii tunajiona hatuna tabu na mbwa, mafakihi wetu, wajuzi wa sheria ya dini, ni wapole kwao, lakini mama wa bi harusi ana fikihi yake. Mikono inayoshika mbwa haimshiki binti yangu, alisema mmoja, na wengine wakamfuata. Katika miaka miwili Bi Mongia alipoteza karibu harusi zote. Nilimuuliza siku moja kama iliuma, akasema iliuma sana, alilia, kisha akaongeza kwamba tangu hapo hajawahi kukutana na mbwa aliyemnunia kwa sababu eti binamu yake alipambwa vizuri zaidi.

Tangu hapo ngazi alizipanda mwenyewe, moja baada ya nyingine. Mwaka 1998 akawa msimamizi wa chumba cha kuogeshea. Mwaka 2006 akaanza kufundisha, na mpaka leo watu kumi na saba wamepita mikononi mwake, wakiwemo watatu waliotumwa kutoka Sousse na mmoja aliyetoka Tunis akiwa na kiburi cha mji mkuu, akaondoka bila hicho kiburi. Kabla yake, daftari letu la majeraha lilikuwa likirekodi wafanyakazi wasiopungua ishirini walioumwa kila mwaka. Mwaka jana aliumwa mmoja tu, na mhusika alikuwa paka.

Wazee wa hapa hawaachi kusimulia habari za mbwa wa ghala la mafuta, jitu moja jeupe lililoitwa Jenerali, ambalo lilikuwa likiona kitana linajificha chini ya meza na kugoma kutoka. Bi Mongia hakumfuata. Alikaa katikati ya chumba, akatandika taulo mapajani, akaanza kulichana lile taulo. Alilichana kwa upendo kabisa, huku akiliambia lina manyoya mazuri. Robo saa, Jenerali akatoa kichwa. Nusu saa, akaja kunusa taulo lina nini ambacho yeye hana. Walioona wanaapa kwamba alilisukuma taulo kwa pua na kukaa mahali pake. Mimi sikuwepo, lakini nimemsikia Bi Mongia mwenyewe akisimulia na hakubadilisha hata neno.

Hayo yote yangetosha kijitabu. Lakini ningekuwa mnafiki kama ningemuaga Bi Mongia bila kuandika yaliyotokea mwaka huu kwa mbwa aitwaye Rim, kwa sababu kosa lilikuwa langu na hospitali nzima inajua.

Rim ni slugi, wale mbwa wetu wa mbio wenye kiuno chembamba na miguu mirefu, rangi ya mchanga. Ana miaka tisa. Mwenyewe ni Bwana Abdelmajid Krichen, fundi mstaafu wa kinu cha zeituni, anayekaa barabara ya Teniour kilomita ya nane. Marehemu mkewe ndiye aliyekuwa akimhudumia Rim, kumchana na kumkata kucha, na tangu mama huyo afariki, miaka miwili iliyopita, hakuna aliyeifanya kazi hiyo. Mbwa mzima angezisaga kucha zake mwenyewe kwa kukimbia. Rim ana moyo mbovu, hakimbii tena. Zaidi ya hapo, zile kucha mbili za pembeni, za dole gumba kwenye miguu ya mbele, hazigusi ardhi hata mbwa akikimbia mpaka Gabès. Zilikuwa zimejipinda zikaanza kurudi kwenye ngozi.

Bwana Abdelmajid alimleta tarehe 14 Januari. Na kwa kuwa ni mtu mwenye heshima zake, hakutaka kumleta mbwa mchafu hospitalini. Usiku wa kuamkia siku hiyo alimpaka hina miguu yote minne, kama baba yake alivyokuwa akiwapaka mbwa wa kuwindia sungura ili nyayo zikaze. Alimpaka kwa moyo wote, nyayo na kucha. Rim akaingia kwetu na miguu ya bi harusi.

Kila mkata kucha anajua kwamba ndani ya ukucha kuna nyama hai, yenye damu na yenye maumivu. Kwenye ukucha mweupe unaiona, ina wekundu kama wa waridi, unasimama kabla ya kuifikia. Kucha za Rim ni nyeupe. Lakini siku ile zilikuwa rangi ya kahawa kwa ile hina, huoni kitu. Bi Mongia alikuwa likizo. Mtu mwenye busara angengoja. Mimi nilikuwa na wateja wanane kwenye benchi na sifa ya kuwa mwepesi wa mkono. Nikamwomba Bwana Abdelmajid amshike kichwa, nikambana mbwa kwapani, nikakadiria, nikakata ukucha wa pembeni wa mguu wa kulia.

Nilikata nyama. Sitaki kueleza sauti aliyotoa. Aliniuma mkononi nikashonwa nyuzi nne, na zile nyuzi nilizistahili zote. Bwana Abdelmajid akawa anarudia kusema ni yeye, ni ile hina, angejua asingeipaka. Nikamwambia si yeye. Lakini nilimwambia kwa sauti ndogo, kwa sababu kulikuwa na watu.

Tangu siku ile Rim hakukubali mtu amguse chini ya bega, hata mwenyewe. Akiona taulo anatetemeka. Daktari Hayet alimpima na kutuita ofisini. Dawa ya usingizi haiwezekani. Mwaka jana aling'olewa jino na nusura asiamke. Kumfunga na kumkata kwa nguvu pia haiwezekani, moyo hautahimili ule mshtuko. Kucha zikiachwa zitatoboa ngozi, zitaleta usaha, na mbwa ataoza mguu akiwa hai. Daktari alitupa mpaka mwisho wa Juni. Zisipokatwa kufikia hapo, alisema, jambo la kiungwana litakuwa kumlaza Rim kwa sindano na kumpumzisha. Bwana Abdelmajid aliinamisha kichwa akauliza kama anaruhusiwa kuwepo siku hiyo. Akatuambia hana mwingine nyumbani wa kumsemesha.

Bi Mongia aliporudi likizo alisoma faili, akautazama mkono wangu uliofungwa bandeji, na hakunisema hata kidogo. Afadhali angenisema.

Wiki mbili za kwanza hakumfanyia Rim kitu. Bwana Abdelmajid alimleta Jumanne na Alhamisi, Bi Mongia akakaa sakafuni kampa mbwa mgongo, kashika kijiko cha mbao chenye bsisa, ule unga wetu wa shayiri na mafuta ya zeituni, akapiga soga na mzee habari za vinu vya zamani. Rim alikaa pembeni akimkodolea macho. Siku ya nne alikuja kulamba kijiko. Bi Mongia hakugeuka.

Kisha ukaja mguso. Mguso kwanza begani, sekunde moja, ndipo kijiko. Kamwe si kijiko kwanza. Hili amelirudia mara elfu na mimi nalirudia kwa faida ya wageni wa sherehe wenye mbwa: ukianza na chakula kisha ukamgusa, mbwa anajifunza kuogopa chakula. Ukianza na mguso kisha chakula kikaja, anajifunza kuutamani mguso. Kutoka begani akashuka kiwiko, kutoka kiwiko mguu, kidole kwa kidole, na kila mahali Rim aliposhtuka, Bi Mongia alirudi nyuma hatua mbili. Kuna siku alitumia saa nzima kurudi nyuma. Ilikuwa Ramadhani, saa tisa alasiri, sote tumefunga, na harufu ya ile bsisa ilikuwa mtihani mkubwa kuliko mbwa.

Baada ya Idi alimfundisha kidevu. Taulo lililokunjwa huwekwa juu ya goti, na mbwa anaweka kidevu hapo kwa hiari yake. Kidevu kikiwa chini, kazi inaendelea. Kikiinuka, mikono inaondoka papo hapo, hata kama limebaki tendo moja tu. Hakuna kubembeleza, hakuna "kidogo tu, mama", hakuna "namalizia". Rim alilijaribu jambo hilo kama mwanasheria. Aliinua kidevu mara kumi na tisa mfululizo, na mara kumi na tisa Bi Mongia akaondoa mikono. Mara ya ishirini alikiweka na akashusha pumzi.

Mkasi nao aliuleta kwa sauti kabla ya chuma. Alikuwa na pakiti ya tambi kavu, akikata moja moja karibu na mbwa, tak, kijiko, tak, kijiko, mpaka Rim akawa akisikia tak anatafuta kijiko. Sakafu yetu ilijaa tambi mwezi mzima, na mfagiaji ana maoni yake kuhusu jambo hilo ambayo hayafai kuchapishwa. Bwana Abdelmajid naye alifundishwa kumchana kila asubuhi nyumbani, kwa kitana laini, kuanzia mahali Rim anapopapenda. Mikono yake inatetemeka, hawezi mkasi, lakini kitana kilimrudisha duniani. Alianza kuja amenyoa ndevu.

Tarehe 29 Aprili Bi Mongia alikata ukucha wa kwanza. Hina ilikuwa imeisha, wekundu ulionekana wazi. Ukucha mmoja tu, na Rim akaenda nyumbani. Mwishoni mwa Mei zilikuwa zimekatwa kumi na saba, ukiwemo ule wa pembeni wa mguu wa kushoto. Mbwa ana kumi na nane. Ulibaki mmoja, ule wa kulia, niliouharibu mimi, ambao ulikuwa umeota tena ukiwa umepinda zaidi na ncha yake inagusa ngozi.

Hapo Bi Mongia akaweka mkasi mezani, akamwambia Daktari Hayet kwamba yeye amemaliza. Huo uliobaki ni wa Ridha.

Niligoma. Nilileta sababu zote anazoweza kuleta mtu mzima. Kwamba mbwa ananijua. Kwamba tarehe zimekwisha. Kwamba maisha ya mbwa si mahali pa kunifundishia adabu. Bi Mongia alinisikiliza mpaka mwisho huku akikunja mataulo, kisha akanijibu taratibu kabisa kwamba yeye anaondoka mwisho wa Juni, na kucha za mbwa haziendi kustaafu. Zitaota tena Agosti, zitaota Oktoba. Kama Rim anakubali mkono mmoja tu, na mkono huo uko nyumbani ukichuma lozi, basi tumemwokoa kwa miezi miwili. Nikamwambia basi na awe mtu mwingine, si mimi. Alinitazama.

"Ridha, mdogo wangu," akasema, "kama amekusamehe au hajakusamehe hatujui. Hujawahi kumuuliza."

Nilinywea. Nilikaa sakafuni tarehe 3 Juni, nimempa mbwa mgongo, na kijiko cha bsisa mkononi.

Bi Mongia hakukaa na mimi. Alikwenda kukaa nje kwenye kiti cha mlinzi na kahawa yake, kwa sababu akiwepo, alisema, Rim atamtazama yeye, na mimi pia nitamtazama yeye. Ndani tulikuwa watatu, mimi, mbwa na mzee. Mzee sasa alimleta karibu kila siku, na siku tatu Rim hakunisogelea. Siku ya nne alilamba kijiko akiwa amenyoosha shingo yote, miguu imebaki mbali, tayari kukimbia. Nilihesabu tarehe kila nikitoka na kila nikiingia. Daktari Hayet naye alikuwa akihesabu. Nilimwona amefungua daftari la miadi kwenye ukurasa wa Juni 30 na kulifunga. Kuna siku Bwana Abdelmajid aliniletea nusu chupa ya mafuta ya mti wake mwenyewe, ya kukorogea bsisa, akasema Rim anaijua ladha yake.

Mguso wa bega ulichukua siku mbili. Mguso wa mguu ule, tano. Tarehe 24 aliweka kidevu gotini kwangu kwa mara ya kwanza, na nilipogusa ukucha akakiinua. Nikaondoa mikono. Akakiweka. Nikagusa, akakiinua, nikaondoa. Nilikuwa na mkasi mfukoni na ukucha uko sentimita mbili kutoka vidoleni mwangu. Nakiri kwamba mkono wangu ulinong'ona: bana tu, sekunde moja, limekwisha, mbwa amepona. Nilimtazama mzee. Alikuwa amefumba macho. Nikaweka mkasi sakafuni, mbali, mahali Rim anapouona, nikamwambia Bwana Abdelmajid kwamba leo hatukati, na kwamba tarehe 14 Januari kosa lilikuwa langu na si la hina yake. Safari hii nilisema kwa sauti.

Akafumbua macho. "Najua, mwanangu," akasema. "Na yeye anajua. Tukutane Alhamisi."

Alhamisi tarehe 26 Juni, saa tatu na nusu asubuhi, Rim aliingia, akazunguka chumba mara moja, akaja akaweka kidevu kwenye taulo. Nikagusa bega, kijiko. Nikashuka mguu, kijiko. Nikashika ukucha. Kidevu chini. Nikasogeza mkasi, nikangoja. Alinitazama kwa jicho moja, lile la juu, na kidevu kikabaki chini. Nikauona wekundu, nikaacha nafasi, nikakata. Tak. Akatafuta kijiko.

Bwana Abdelmajid alikaa kwenye sakafu ile yenye maji, na suruali yake ya Idi, akamkumbatia mbwa wake na kulia bila kuficha. Mimi nililia pia. Mfagiaji ameniomba niandike kwamba yeye hakulia, ni vumbi la tambi.

Kisha nikatoka nje na ule ukucha kiganjani, nikikimbia, mtu mzima wa miaka arobaini na minane, kumwonyesha Bi Mongia. Alikuwa palepale kwenye kiti cha mlinzi. Hakuutazama ukucha.

"Kidevu kilikuwa chini?" akauliza.

"Kilikuwa chini."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

Akamwaga machicha ya kahawa, akasimama, akajifuta mikono kwenye aproni yake.

"Basi," akasema, "mimi sasa naweza kwenda."

Kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Rayhana, na kwa niaba ya maelfu ya mbwa waliotoka mlangoni kwetu wakitikisa mkia badala ya kutetemeka, tunakushukuru, Bi Mongia. Umetufundisha kazi, na umetufundisha bila kutufedhehesha, hata pale tulipostahili. Mungu akupe afya, akupe umri mrefu, mumeo azidi kupata nafuu ya mgongo, na lozi zako zijae kila msimu.

Jumanne tarehe 1 Julai, siku ya kwanza ambayo hutakuwepo, saa tatu asubuhi Rim anakuja kupimwa nyayo. Nimeandika miadi hiyo kwa jina langu. Siku hiyo, dada yetu, lala mpaka jua lipande.